Mwani kwenye tangi jipya la maji ya chumvi, na omena wangu

Kwa siku kumi na nane mchanga wangu ulikuwa mweupe pe. Ya kumi na tisa nikaamka nikaukuta una vumbi la rangi ya kahawa, kama mtu aliyemwaga majani ya chai akayapangusa nusunusu. Jirani yangu, mzee aliyevua Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, tangu ujana wake, alikuja kuazima chaja, akachungulia, akacheka. "Kijana, umetoka Mombasa kuja kututengenezea ziwa lingine?"

Mimi ni fundi wa simu, mzaliwa wa Likoni, riziki ndiyo iliyonileta Kisumu. Tangi nilitengenezewa na fundi wa vioo: sentimita 120 kwa 40 kwa 40. Likijaa pomoni ni lita 192, lakini ukitoa mawe na mchanga, maji yenyewe ni kama lita 160. Shika hiyo namba, tutaihitaji.

Lile vumbi la kahawa ni dayatomu, viumbe vidogo mno vinavyojijengea magamba kwa silika, yaani madini yale yale ya kioo. Silika hutoka kwenye mchanga mpya na kwenye maji yasiyochujwa vizuri. Ikipungua, na wenyewe hupungua, mara nyingi ndani ya wiki chache. Mimi nilihangaika kuwafyonza kila jioni, na kila asubuhi wamerudi. Nilichopata ni maumivu ya mgongo tu. Futa kioo cha mbele ili uone ndani, basi. Muda huo pima amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu unaooza: mpaka zote mbili zisome sifuri, tangi bado halijaiva, usitie samaki. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita.

Maji ndiyo yaliyonidanganya. Nilikuwa nanunua ya kujaza mtungi mtaani, yale ya lita 20, nikiamini yamechujwa yakabaki matupu. Nikaagiza kipima TDS (kiasi cha madini na chumvi zilizoyeyuka majini), kidude kama kalamu, nikakichovya: 74. Kwa tangi la chumvi unataka 0. Wauzaji wengine hurudisha madini kidogo ili maji yawe na ladha, na kwa kunywa hayana neno. Kwa tangi huenda ni mbolea unayoongeza kila wiki. Nikanunua chujio langu mwenyewe, lenye utando wa osmosisi unaozuia madini na mwishoni kopo la resini, punje zinazonasa yaliyobaki, nikaliunga kwenye bomba la jikoni. Ya mvua kutoka kwenye mabati sikuyajaribu. Mabati hutoa zinki, na zinki si rafiki wa konokono.

Halafu ukaja ule wa kijani, mwani wa nywele. Huu niliuita mwenyewe kwa mkono wangu. Chakula cha samaki cha dukani ni ghali, nami naishi mji wa omena. Nikasaga omena (dagaa wa ziwani) wakavu, nikawa nawatupia samaki wangu wawili kijiko cha chai asubuhi na jioni. Samaki hao ni wadogo kama kidole gumba! Unga uliobaki ulizama katikati ya mawe ukaoza. Baada ya wiki tatu mbolea zitokanazo na uozo huo zilipanda, nitrati ilisoma 40, fosfati 0.4 (miligramu kwa lita), na mawe yakaota ndevu. Yule mzee hakucheka safari hii. Aliniambia tu kwamba ghuba yao nayo hugeuka kijani kwa sababu ya mbolea ya mashambani na majitaka ya mjini. Ni jambo lile lile, kubwa kwa dogo.

Kwa hiyo kabla hujanunua dawa yoyote, funga mfereji wa chakula. Sasa nalisha mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili. Chakula kilichogandishwa nakiyeyusha na kukisuuza kwenye chujio la chai, maji yake namwaga. Taa iko kwenye taima: inawaka muda wa saa saba kwa siku, haizidi. Na dirisha! Sisi hapa tuko karibu kabisa na ikweta, jua linawaka kwa muda wa takriban saa kumi na mbili kila siku, mwaka mzima. Upande wa dirishani nimetundika leso ya mama nanihii, imetosha.

Kuung'oa fanya hivi. Zima pampu. Chukua mpira mwembamba wa maji, ufunge mswaki mgumu mdomoni mwake kwa raba bendi, upande wa pili uingie ndooni. Vuta maji yaanze kutiririka, kisha gusa fundo la mwani na uzungushe mswaki polepole kama unavyozungusha tambi kwenye uma. Nyuzi hujisokota, zinakaza, halafu unahisi kitu kimeachia: kikonyo kimetoka jiweni. Hapo hapo mpira unameza kila kipande. Ukisugua bila kufyonza, vipande husambaa na kila kimoja ni mbegu. Ndoo ikifika lita 16, acha, hata kama bado kuna ndevu. Hiyo ni asilimia 10 ya maji yako, unarudishia mapya uliyoyachanganya jana: gramu 560 za chumvi ya akwariamu, si ya jikoni, kisha urekebishe mpaka kipimo cha chumvi (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu) kisome 1.025. Kila Jumamosi hivyo. Mimi ilinichukua Jumamosi tisa.

Katikati ya wiki maji hupungua kwa joto la Kisumu. Ongezea maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haikutoka na mvuke.

Ukiona utando mwekundu, mtelezi, unaobanduka kama ngozi, huo si mwani. Ni bakteria, wa ukoo mmoja na ule ukijani unaolisha heroe (flamingo) wa Ziwa Nakuru. Ufyonze, kisha uelekeze pampu pale maji yalipotuama. Na ukiona makamasi ya kahawia yenye mapovu, yanayofifia usiku na kurudi mchana, pima kwanza. Hao ni dinoflajeleti, viumbe vingine vidogo mno, nao hupenda tangi ambalo nitrati na fosfati zimefikishwa sifuri. Nilifika huko kwa pupa ya dawa ya kunyonya fosfati, nikajuta. Siku hizi naridhika na nitrati 5 na fosfati 0.05.

Dawa ya kuua mwani yenye shaba usiiguse. Itaua mwani pamoja na konokono wote. Konokono wa kula mwani nilinunua kwa mvuvi wa samaki wa mapambo mwenye leseni kule pwani, wakaja na basi la usiku. Wanane walifika, watano wakaishi, maana niliwatumbukiza kwa haraka. Wape saa nzima, ukidondoshea maji ya tangi tone kwa tone. Akianguka chali mchangani mgeuze, wengine hawawezi kujigeuza.

Kioo cha nyuma sikisugui kamwe. Kimekuwa kijani kibichi, na wale watano hulala huko mchana, usiku wakashuka wakiacha njia nyeupe kwenye kioo.