Diski mpya za breki kwa Subaru WRX na STI: pima kwanza, nunua baadaye

Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, ukasema tu "nipe diski za mbele za WRX", utapewa boksi, na huenda lisiingie. Subaru zinazoletwa kutoka Japani zina breki za aina kadhaa chini ya jina moja, na nyingi zilishabadilishwa na wenye gari wa kwanza hukohuko. Beji ya nyuma isikupe uhakika. Angalia kilichofungwa.

Hatua ya 1: Toa tairi, chukua vipimo

WRX nyingi za kawaida zina diski ya mbele ya kipenyo cha 294 mm, unene 24 mm. STI (WRX ya kimichezo zaidi) zenye kalipa za Brembo, yaani vibanio vya pedi, za 2004 hadi 2017, zina 326 mm kwa 30 mm mbele na 316 mm kwa 20 mm nyuma. Hiyo ya 326 inataka rimu ya inchi 17.

Kisha matundu ya nati. STI hadi modeli ya 2004 ni 5x100, yaani matundu matano kwenye duara la kipenyo cha 100 mm. Kuanzia modeli ya 2005 ni 5x114.3. Kwa kuwa matundu ni matano, huwezi kupima moja kwa moja toka upande hadi upande. Pima kati ya tundu na jirani yake, katikati hadi katikati: ukipata karibu 59 mm ni 5x100, ukipata 67 mm ni 5x114.3.

Nyuma kuna mtego ambao watu wengi wanaukuta baada ya kulipa. Hendibreki inakaa ndani ya kofia ya diski (sehemu ya katikati iliyoinuka), kwenye ngoma yake ndogo, na ngoma hiyo ina saizi mbili: 170 mm na 190 mm. Diski inaweza kulingana kwa kipenyo na matundu, lakini viatu vya hendibreki vikakataa kuingia, au vikaingia na kuelea. Pima ndani pia. (Diski ya zamani ikigoma kutoka kwenye habu (kitovu kinachofungwa diski na tairi), usiitwange nyundo. Ina matundu mawili yenye nyuzi. Funga boliti za M8 humo kwa zamu na itajisukuma yenyewe.)

Hatua ya 2: Hakikisha diski imekwisha kweli

Unene wa mwisho umeandikwa kwenye diski yenyewe, MIN TH. Ya 30 mm inaishia 28, ya 24 inaishia 22. Tumia maikromita. Diski iliyolika huacha ukingo pembeni, na taya za kipimo cha venia zikikaa juu ya ukingo huo utasoma unene ambao haupo.

Usukani ukitetemeka unapokanyaga breki, fundi atakwambia diski imepinda. Mara nyingi tatizo ni unene usiolingana au masalia ya pedi yaliyoganda sehemu moja, na chanzo chake ni kutu kwenye habu iliyoifanya diski ikae upande. Kutu hiyo isiposafishwa, hata diski mpya itaanza kutetemeka. Kuchonga kwenye mashine kunaruhusiwa, ila una 2 mm tu za kutumia kwa maisha yote ya diski.

Hatua ya 3: Chagua aina

Hapa ndipo pesa nyingi inapotea. Gari ya kilo 1,400 ikisimama kutoka kilomita 100 kwa saa, breki zinameza takriban kilojuli 540. Kutoka 140, ni karibu mara mbili. Joto hilo linabebwa na uzito wa chuma, kisha linaondolewa na hewa inayopita kati ya nyuso mbili za diski. Diski zenye matundu zinapendeza nyuma ya rimu, lakini kila tundu limepunguza chuma na kuweka mahali pa ufa kuanzia. Za mifereji zinafuta uso wa pedi vizuri, ila zinakula pedi haraka na zina kelele kidogo. Kwa gari ya barabarani, hata ile inayoshuka mlima Kitonga mara kwa mara, mimi naweka diski tambarare yenye kaboni nyingi, halafu tofauti ya bei inakwenda kwenye pedi na mafuta mapya ya breki, DOT 4.

Dalili zenyewe zitakuelekeza. Pedali ikiwa ngumu lakini gari haishiki, pedi zimezidiwa na joto. Pedali ikizama, mafuta yamechemka. Yote mawili hayatibiwi na matundu.

Hatua ya 4: Kagua kabla ya kulipa

Chungulia pembeni: nyuso mbili ziwe na unene sawa na mapezi ya ndani, yale yanayotenganisha nyuso hizo, yawe katikati. Kama mapezi yamepinda, kuna diski ya kushoto na ya kulia. Ikiwa imefungwa, ncha za nje za mapezi kwa juu zielekee nyuma ya gari. Usifuate mwelekeo wa mifereji.

Hatua ya 5: Funga

Sugua habu hadi chuma king'ae, osha mafuta ya kiwandani kwenye diski, weka pedi mpya, kaza nati kwa mtindo wa nyota kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Barabara ikiwa wazi, zoesha pedi na diski: punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa. Kisha endesha taratibu zipoe. Ukilazimika kusimama zikiwa bado za moto, toa mguu kwenye pedali.