Somo: Mahali pa kitenzi katika sentensi ya Kiafrikana, kwa wanaoanza

Msemaji wa Kiswahili anayeanza kujifunza Kiafrikana, ambacho wenyewe hukiita Afrikaans, amezoea kitenzi kinachobeba mzigo wote wa sentensi. Neno moja kama "nitakisoma" lina mtenda, njeo na kitendwa ndani yake, na ukilitamka peke yake msikilizaji ameshaelewa. Kitenzi cha Kiafrikana hakibebi hata kimoja kati ya hivyo; kazi hiyo hufanywa na maneno yanayokizunguka na mahali kinapokaa. Kwa hiyo somo hili linashughulika zaidi na swali moja: kitenzi kiko wapi? Nimeona wanafunzi wakikariri mamia ya maneno, kisha wakashindwa kuunda sentensi ya maneno sita, na kila mara tatizo lilikuwa hapo.

Lugha hii ilitokana na Kiholanzi kilichofika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652. Ilikua katika vinywa vya walowezi, vya wenyeji Wakhoikhoi, na vya watumwa waliotolewa Indonesia, India, Madagaska na Msumbiji, na humo viambishi vingi vya Kiholanzi vikapukutika. Ilitambuliwa kuwa lugha rasmi mwaka 1925, na leo ni mojawapo ya lugha rasmi za Afrika Kusini na husikika sana Namibia pia.

Hatua ya kwanza: zoea kitenzi kisichobadilika

"Lees" ni soma. Utasema "ek lees" (mimi), "jy lees" (wewe), "hy lees" (yeye mwanamume), "sy lees" (yeye mwanamke), "ons lees" (sisi), "julle lees" (ninyi) na "hulle lees" (wao). Hakuna upatanisho wala ngeli. Hata "is", yaani ni, hubaki vilevile kwa nafsi zote. Kabla ya nomino huwekwa "die" ikiwa kitu kinajulikana, au "'n" ikiwa hakijatajwa bado. Sehemu hii ni rahisi, usikae nayo muda mrefu.

Hatua ya pili: kiweke kitenzi katika nafasi ya pili

"Ek lees die koerant" ni nasoma gazeti. Ukitaka kuanza na wakati, Kiswahili hukuruhusu kutanguliza kielezi bila kugusa chochote: "leo nasoma gazeti". Kiafrikana hakikuruhusu. Kielezi kikikaa mbele, mtenda husogea nyuma ya kitenzi, nacho kitenzi hubaki cha pili: "Vandag lees ek die koerant." Ukisema "Vandag ek lees" utaeleweka, lakini kila atakayekusikia atajua kwamba sentensi imevunjika.

Zingatia kwamba nafasi ya pili si neno la pili. Katika "Die ou man by die hek lees die koerant", yaani mzee aliye getini anasoma gazeti, maneno sita ya mwanzo ni kirai kimoja, na kitenzi ndicho kinachofuata. Katika swali la ndiyo au hapana, kitenzi hutangulia kabisa: "Lees jy die koerant?"

Hatua ya tatu: kigawe kitenzi, sehemu moja mbele na nyingine mwisho

Hapa ndipo penye utamu wa lugha hii, na ndipo ninapowaomba mtulie. Wakati uliopita huundwa kwa kitenzi kisaidizi "het" pamoja na kiambishi "ge-" kwenye kitenzi kikuu. "Het" hukaa nafasi ya pili, kitenzi kikuu huenda mwisho, na mengine yote hukaa katikati: "Ek het gister die koerant gelees", nilisoma gazeti jana. Wakati ujao hufuata njia hiyohiyo kwa "sal": "Ek sal môre die koerant lees." Vivyo hivyo kwa "kan" (weza), "moet" (lazima) na "wil" (taka).

Msikilizaji wa Kiafrikana husubiri mpaka mwisho ndipo ajue umefanya nini. Kwetu njeo na tendo hutoka kwa pumzi moja, kwa hiyo jizoeze kulishika tendo kichwani huku ukitaja wakati, kitu na mahali.

Kwa mpangilio wa hayo ya katikati, shule za Afrika Kusini hufundisha neno la kukumbukia, STOMPI: mtenda (subjek), wakati (tyd), kitendwa (objek), namna (manier), mahali (plek), kisha kitenzi kisichonyambuliwa (infinitief). Kitenzi cha kwanza huingia mara tu baada ya S, na cha pili baada ya P. Pima kwa mfano huu: "Ek het gister die koerant rustig in die kombuis gelees", yaani jana nilisoma gazeti kwa utulivu jikoni. Andika sentensi kumi za namna hii kwa mkono, ukibadilisha kipande kimoja kila mara, kabla ya kwenda hatua inayofuata.

Hatua ya nne: kipeleke kitenzi mwisho katika kishazi tegemezi

Baada ya "dat" (kwamba), "omdat" (kwa sababu), "as" (ikiwa) na "terwyl" (wakati), kitenzi huondoka nafasi ya pili na kwenda mwisho wa kishazi: "Sy weet dat ek die koerant lees." Katika wakati uliopita hata "het" huenda huko, nyuma ya kitenzi kikuu: "Sy weet dat ek die koerant gelees het." Kishazi hicho kikitangulia, chote huhesabiwa kuwa nafasi ya kwanza, na kitenzi cha kishazi kikuu hufuata papo hapo: "As dit reën, bly ek tuis", mvua ikinyesha nabaki nyumbani.

Hatua ya tano: kanusha mara mbili

"Ek lees nie die koerant nie", sisomi gazeti. "Nie" ya kwanza hukanusha, ya pili hufunga sentensi. Nilipokuwa nimepanga chumba kwa bibi mmoja huko Cape Town, siku moja nilimwambia, "Ek praat nie Afrikaans." Alinitazama kimya, sufuria mkononi, kama mtu anayesubiri nimalizie, kisha akasema taratibu, "nie." Tangu siku hiyo sikuisahau tena. Na sisi tunalo jambo linalofanana nalo: katika "sisomi", ukanushi umeingia mwanzoni kwa "si-" na mwishoni kwa "-i".

Ikiwa "nie" ya kwanza imeshaangukia mwisho wa sentensi, hairudiwi: "Ek lees nie", "Ek ken hom nie" (simjui). Maneno kama "nooit" (kamwe), "niemand" (hakuna mtu) na "niks" (hakuna kitu) nayo hudai "nie" ya kufunga: "Hy kom nooit laat nie", hachelewi kamwe.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimesikia "ek het betaal" na si "gebetaal". Kosa ni la nani?

Jibu: Hakuna kosa. Vitenzi vyenye kiambishi kisichotiliwa mkazo, yaani be-, ge-, er-, her-, ont- na ver-, havipokei "ge-": "het betaal" (nililipa), "het verstaan" (nilielewa). Tofautisha na vitenzi vinavyoachana. "Opstaan" ni kuamka, katika wakati uliopo vipande vyake hutengana, "Ek staan vroeg op", na katika wakati uliopita "ge" huingia katikati: "Ek het vroeg opgestaan."

Swali: "Want" na "omdat" zote ni kwa sababu. Nitumie ipi?

Jibu: Maana ni moja, mpangilio si mmoja. "Want" haigusi kitenzi: "Ek bly tuis, want ek is siek." "Omdat" hukipeleka mwisho: "Ek bly tuis omdat ek siek is." Anayeanza aegemee "want" mpaka hatua ya nne imkae vizuri.

Swali: Kwa nini "'n" huandikwa kwa herufi ndogo hata mwanzoni mwa sentensi?

Jibu: Ndiyo kanuni ya tahajia yake. Herufi kubwa huhamia neno linalofuata: "'n Vrou wag buite", mwanamke anasubiri nje.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mzee nimwite "jy"?

Jibu: Marahaba. Hapana, kwa mzee "jy" husikika kama utovu wa adabu. Ipo "u" ya heshima, lakini katika mazungumzo ya nyumbani na mtaani vijana humwita mwanamume mkubwa "oom" na mwanamke mkubwa "tannie", hata kama si ndugu, na hulirudia neno hilo mahali ambapo kiwakilishi kingekaa. Husemi "unaweza kunisaidia", unasema "Kan oom my help?" Na kwa kuwa umilikishi huonyeshwa kwa "se", utasikia pia "Het tannie tannie se sleutels gekry?", yaani mama umepata funguo zako? "Het" imetangulia kwa sababu ni swali, na "gekry" imekaa mwisho, mahali pake.