Kuandika Riwaya ya Fumbo kwa Vijana: Siri Inayofichuka Msibani

Anayetaka kuwaandikia vijana riwaya ya fumbo yenye msiba na siri ya ukoo hana haja ya kuanza na maiti iliyookotwa ufukweni. Msiba wa kwetu una taratibu ambazo zenyewe huchokoa siri: watu wasiojuana huketi chini ya turubai moja, madeni ya marehemu hutangazwa, mjane huketi ndani kwa muda maalumu, na warithi huhesabiwa mmoja mmoja. Mwandishi akizijua taratibu hizo vizuri, kisa chake kimekwisha kupata mifupa. Asipozijua atalazimika kumleta askari polisi katika sura ya tatu, kama nilivyofanya mimi katika mswada wangu wa kwanza, na askari akishaingia, kijana hana kazi tena.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Rukia, mwenye umri wa miaka 16, anaishi Pangani pamoja na mama yake, bibi yake mzaa baba, na ami yake. Baba yake, fundi wa injini za boti aliyezoea kuvuka kwenda Wete, Pemba, kwa kazi, anafariki ghafla. Siri ni kwamba huko Wete ameacha mke wa pili na mtoto wa kiume wa miaka 8.

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, chukua karatasi moja uandike ni nani anayeijua siri, aliijua lini, na kwa nini alinyamaza. Swali la tatu ndilo la kulishughulikia zaidi. Msomaji wa pwani ataanza kumhisi mke wa pili mapema, na hilo lisikutie hofu, kwa kuwa ndoa ya pili si kosa katika dini ya watu hawa. Kinachomfanya aendelee kufunua kurasa ni kutaka kujua sababu iliyowafanya watu wema, wanaompenda Rukia, wamfiche.

Muda wa riwaya nao uupange kwa kalenda ya msiba. Eda ya mjane wa Kiislamu ni miezi 4 na siku 10 kwa hesabu ya mwezi mwandamo, isipokuwa akiwa mjamzito, ambapo hukoma anapojifungua. Kwa desturi mama hatoki nje ila kwa dharura, hivyo Rukia ndiye atakayetumwa sokoni, kwa wadai, na hata kwa karani wa mahakama, bila mtu yeyote kuuliza anatafuta nini huko. Riwaya ianze siku ya maziko na iishe mama akikaribia kutoka edani. Katikati yake kuna matanga, hitima na arobaini, na kila shughuli huleta watu wapya nyumbani. Ukifika karibu na nusu ya kitabu, Rukia amsikie mgeni mmoja akitaja kwa bahati mbaya kwamba kuna mwanamke Wete ambaye naye amekaa eda. Usiongeze maelezo yoyote hapo. Msomaji wako anajua kwamba mwanamke hakai eda ya mtu asiyekuwa mumewe.

Kijana wetu hawezi kuwahoji wakubwa. Akimuuliza ami yake, "Ulikuwa wapi usiku ule?", msomaji ataona utovu wa adabu kabla hajaona ujasiri, na atakuwa na haki. Adabu hiyo hiyo, hata hivyo, ndiyo inayompenyeza kila mahali: anayepita na birika la chai na bakuli la kunawia hakatiziwi mazungumzo. Mwenye mwandiko mzuri hupewa daftari la rambirambi, naye huandika jina la kila mtoaji, anakotoka na kiasi alichotoa, kwa hiyo Rukia anaweza kukutana na jina la ukoo wake mwenyewe limeletwa na mtu wa Wete asiyemfahamu. Jihadhari na makosa madogo ya desturi, kwa sababu msomaji mmoja akiyaona atawaambia wengine kumi. Wanawake wa pwani kwa kawaida hawaendi makaburini wakati wa maziko. Basi usimweke Rukia kaburini akisikia tangazo kwamba mwenye deni na marehemu awaone jamaa zake. Tangazo alikute nyumbani, siku ya nne, kwa sura ya fundi cherehani:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Ami yako nimemkuta?"

"Ametoka kidogo."

"Basi mwambie nimekuja kwa ajili ya lile deni la marehemu. Si kubwa. Ni sare tu, mashati mawili na kaptura mbili."

"Kaptura za nani?"

Fundi akakikunja kikaratasi cha vipimo, akakirudisha mfukoni. "Nitarudi akiwepo ami yako."

Rukia hana kaka wala mdogo wa kiume. Deni la kaptura mbili linafanya kazi kubwa kuliko barua iliyofichwa chini ya godoro, ambayo kwa kweli ningeomba tuipumzishe kwa miaka kadhaa. Barua humweleza msomaji kila kitu kwa sauti ya marehemu, ilhali kaptura humwachia swali.

Kidokezo kikubwa kiwe kitu ambacho kila mtu nyumbani amekwisha kukiona. Mimi ningechagua kanga. Doti huuzwa ikiwa vipande viwili vilivyoshikana, na mnunuzi ndiye anayevikata na kuvipinda. Tuseme bibi, ambaye macho yake hayaoni vizuri, aliikata doti yake upande, mkasi ukaacha mstari uliopaswa kufuatwa, kipande kimoja kikaondoka na ukanda mwembamba wa pindo la mwenzake na kingine kikabaki na pindo lililopungua. Kipande kimoja alimpa mama yake Rukia. Mwonyeshe msomaji kasoro hiyo katika sura ya pili, Rukia akiifua kanga hiyo na kulalamika moyoni kwamba haikai sawa kambani. Siku ya arobaini, mgeni kutoka Wete amejitanda kanga ya rangi na maandishi yale yale, ambayo peke yake si ushahidi wa chochote, kwani kanga za aina moja huchapwa kwa wingi. Lakini ukingoni mwake kuna pindo lililozidi. Mgeni huyo awe dada wa mke wa pili, aliyeazimwa kanga, kwa sababu mke mwenyewe yumo edani na hawezi kusafiri. Hapo Rukia anajua mambo mawili kwa pamoja: kwamba kuna nyumba nyingine, na kwamba bibi aliijua na akawagawia wakeze mwanawe sawasawa. Maandishi ya kanga yawe ya kawaida, kama "Ewe Mola ibariki nyumba hii". Ukiandika "Siri ya mtungi aijuaye kata" utakuwa umempigia msomaji ngoma sikioni.

Sasa tuje kwenye mirathi, mahali ambapo waandishi wengi hupita haraka ilhali ndipo fumbo linapopata uzito. Piga hesabu kwa sheria ya Kiislamu, madeni yakiwa yamekwisha kulipwa, na uigawe mali katika mafungu 72. Ikiwa marehemu ameacha mke mmoja, mama, binti mmoja na ndugu wa kiume, mke hupata thumni, yaani moja ya nane, mafungu 9. Mama hupata sudusi, yaani moja ya sita, mafungu 12. Binti hupata nusu, mafungu 36. Na mafungu 15 yanayobaki humwendea ndugu. Akitokea mtoto wa kiume, ndugu hapati kitu. Wake wawili hugawana yale 9, mama hubaki na 12 zake, na mafungu 51 yaliyosalia hugawanywa kwa mwana kupata mara mbili ya binti: 34 na 17.

Hesabu hiyo inakupa sababu ya ami kunyamaza bila ya kumfanya jambazi. Huenda ndiye aliyelipa ada ya Rukia mwaka jana. Huenda mashine ya boti yake bado ina deni. Ndiye pia anayeshika simu ya marehemu, eti apokee pole za watu wa mbali, na jambo hilo linakuondolea taabu nyingine, kwa kuwa ujumbe mmoja wa kutuma pesa huonyesha jina la mpokeaji na ungeweza kulimaliza fumbo katika ukurasa mmoja. Hesabu hiyo inamgusa mpelelezi pia. Rukia akiupata ukweli atashuka kutoka mafungu 36 hadi 17, na ni vyema alijue hilo mapema, labda kwa mwalimu wa madrasa anayefundisha faraidhi, yaani hesabu za mirathi, ubaoni bila kujua anachokifundisha.

Majonzi yasikae katika sura zake peke yake, yakisubiri upelelezi upumzike. Kila kidokezo kimnyang'anye Rukia kumbukumbu moja. Idi aliyokuwa na miaka 8, baba hakurudi, akasema bahari ilichafuka. Rukia alimsubiri gatini na nguo yake mpya mpaka magharibi, na kwa miaka yote ameichukia bahari badala ya baba. Akishaujua umri wa mvulana, anahesabu mwenyewe. Usimwandike akilia hapo. Mwandike akirudi nyumbani, akikuta mgeni amevaa ndara za marehemu kwenda nazo msalani, naye akazidai kwa sauti iliyowashtua watu wote barazani. Vijana husikitika hivyo, kwa hasira iliyopotea njia, kwa kicheko kisichofaa matangani, kwa njaa ya ghafla katikati ya dua, na mwandishi anayewapa machozi tu amewasahau.

Mwisho usiwe wa kufokeana. Mirathi ikifunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, familia hupeleka cheti cha kifo pamoja na muhtasari wa kikao chake, wenye jina la msimamizi anayependekezwa na orodha ya warithi. Kikao kikae barazani, mama akisikiliza kutoka chumbani, na kwa kuwa Rukia ana mwandiko mzuri, yeye ndiye mwandishi. Ami anataja majina manne, bibi anatazama chini, ametandika kanga yake mapajani. Rukia anaandika nambari tano na sita, anaandika jina la mwanamke na la mvulana, anaisogeza karatasi mbele ya ami ili atie saini, na wewe weka nukta hapo kabla ami hajaishika kalamu.