Presha ya kila siku ikizidi: namna ya kumpelekea Mungu mzigo wako ukapata nafuu

Wapendwa, kama unasoma hii kichwa kimejaa, hela imeisha kabla ya mwezi, kazini hakueleweki na nyumbani nako kila mtu anakutegemea wewe, soma taratibu tu. Wengi wetu jumapili tunaimba vizuri kabisa, alafu jumatatu asubuhi tushavurugwa. Na mimi naamini sababu kubwa ni kwamba tunaomba juu juu, "Bwana nisaidie, Bwana niongoze, amina", mzigo wenyewe hatuutaji kabisa, kwa iyo tunainuka nao vile vile kama tulivyopiga nao magoti.

Anza na mwili. Najua ulitegemea nianze na maombi, ila mwangalie nabii Eliya kwenye 1 Wafalme 19. Huyu ni mtu ametoka kuona moto umeshuka mlima Karmeli, malkia Yezebeli katishia kumuua, akakimbia mpaka jangwani akakaa chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumkemea wala hakumhubiria, malaika alimgusa akamwambia inuka ule, pale palikuwa na mkate na maji, akala akanywa akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala tena, ndo akapata nguvu ya kutembea mpaka Horebu, mlima wa Mungu, na mazungumzo marefu na Mungu yakafanyika huko. Kwa iyo kama hujala tangu asubuhi na usiku ulilala masaa matatu, kula kwanza, lala, na usijihukumu kwamba huna imani.

Ukishapata nguvu kidogo chukua daftari, kaa mahali simu haikufikii, andika kila kinachokukaba kwa jina lake. Usiandike "maisha magumu". Andika hivi: kodi inaisha wiki ijayo na sijapata hata nusu, bosi kanijibu vibaya mbele za watu, mama anaumwa na sijampigia, naogopa kufungua meseji ya yule anayenidai. Andika hata zile ndogo unazoziona za aibu maana mara nyingi hizo ndo zinakuamsha usiku. Alafu soma moja moja kwa sauti mbele za Mungu, kila moja useme "hii nayo nakuachia". 1 Petro 5:7 inasema tumtwike yeye fadhaa zetu zote, na sasa utamtwikaje kitu ambacho hata wewe hujakitaja?

Ukikosa maneno, azima ya Daudi. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu na pale mwanzoni anauliza "hata lini" mara nne, kwa Mungu, waziwazi, bila kupamba. Isome, na pale anapolia wewe weka ya kwako. Wengine tumefundishwa kwamba kumlalamikia Mungu ni kukosa adabu, jamani, Zaburi ya 88 inaanza na kilio na inaishia gizani kabisa na bado imo kwenye Biblia. Daudi kwenye ile ya 13 anamalizia kwa kuimba, ila alifika huko baada ya kusema yote, na we kama leo umeishia kwenye kulia tu hiyo pia ni sala.

Sasa rudi kwenye daftari, piga alama yale yanayohusu leo tu. Yesu alisema yatosha kwa siku maovu yake, Mathayo 6:34, na wala hakukataza mtu kupanga, Yusufu kule Misri aliweka akiba ya nafaka miaka saba. Kinachotumaliza ni kubeba presha ya mwezi mzima ndani ya siku moja. Chagua jambo moja unaloweza kulifanya kabla jua halijazama, kwa mfano kumpigia huyo anayekudai ukamwambia ukweli wa hali yako, lifanye, mengine yaache kwenye karatasi uliyoyaombea. Na kabla hujafunga daftari andika kitu kimoja cha kushukuru, hata kidogo, maana Paulo kwenye Wafilipi 4:6 ameweka kushukuru humo humo ndani ya kuomba, na aliandika akiwa kifungoni.

Tafuta mtu. Hapa ndo wengi tunakwama kwa sababu ya kuogopa kusemwa kanisani, na hofu hiyo ina msingi, kwa iyo usimwambie kila mtu, chagua mmoja anayejua kutunza siri. Yesu mwenyewe Gethsemane aliwachukua Petro, Yakobo na Yohana akawaambia roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe naye. Huna haja ya hotuba, mtumie meseji tu, "leo nimelemewa, niombee kwa ajili ya kodi", inatosha. Na kama mzigo wenyewe ni kazi nyingi, soma Kutoka 18 uone Yethro, baba mkwe wa Musa, alivyomwambia kwamba hawezi peke yake, agawe majukumu.

Alafu jilinde asubuhi. Marko 1 inaonyesha Yesu aliamka alfajiri akaenda kuomba mahali pasipo na watu, ingawa jioni iliyotangulia mji mzima ulikuwa umekusanyika mlangoni, wanafunzi wakamfuata wakisema watu wote wanakutafuta. Hata yeye hakupatikana kila saa! Dakika kumi kabla hujashika simu, yani kabla meseji za watu hazijakupangia siku, soma kifungu kifupi na uombe.

Mtu akikuambia mwenye imani hapati presha, mpe 2 Wakorintho 1:8, Paulo anasema walilemewa mpaka wakakata tamaa ya kuishi. Na kama wewe umefika hapo, hulali wiki nzima, au mawazo ya kujidhuru yanakuja, ongezea daktari au mshauri kwenye maombi yako, Luka alikuwa tabibu na Paulo alimwita mpendwa. Usisubiri jumapili, usikae peke yako, mwambie mtu wa karibu leo hii akupeleke hospitali.