Ukikata mafunjo ya jamvi, liache shina la chini

Kwa wanaosuka majamvi kutokana na mafunjo, hasa huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria, ambako Waluo huyaita togo: usikate kila unachokiona. Chagua bua lililokomaa, ambalo kishungi chake kimeshafunguka vizuri. Bua changa lina maji mengi. Likikauka hunywea na kujikunja, na jamvi lake hulegea mapema. Lililozeeka na kuwa kahawia nalo hukatika ukilikunja.

Kata kwa panga kali, wala usivute. Chini kwenye matope kuna shina nene linalotambaa, na machipukizi yote mapya hutoka humo. Ukiling'oa, au mtu akilichoma moto wakati wa kiangazi ili alime, pale hutavuna tena. Kata kwa mafungu, sehemu hii leo, ile msimu ujao. Ukingo unaotazama ziwa uache kabisa: samaki wadogo hujificha humo, na yule ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa njano haishi kwingine ila kwenye mafunjo.

Ukifika nyumbani, pasua mabua yangali mabichi, uyaanike juani na kuyageuza hadi rangi ya kijani iishe. Yasinyeshewe, yataota ukungu. Siku ya kusuka, yanyunyizie maji kidogo tu yalainike.