Namna ya Kupima Kama Mafunzo ya Mtandaoni Yamewafaa Wafanyakazi

Ofisi nyingi huyahesabu mafunzo ya mtandaoni kuwa yamefanikiwa pale mfumo unapoonyesha kwamba wafanyakazi wote wamemaliza somo na kupakua vyeti. Hesabu hiyo haitoshi, kwa sababu mtu anaweza kuzima sauti, akabofya "Endelea" huku akihudumia wateja, kisha akabahatisha majibu mpaka afaulu.

Kabla ya kuandaa somo, andika kwa sentensi moja kitendo cha kazini unachotaka kibadilike. Chukua mfano wa SACCOS ambayo kamati yake ya mikopo hurudisha fomu kila mara, ama kwa kukosa sahihi ya mdhamini, ama kwa makato ya mshahara kukokotolewa vibaya. Hesabu fomu zilizorudishwa katika miezi mitatu iliyopita, uzitenge kwa aina ya kosa, na uitunze hesabu hiyo, kwani bila hiyo hutakuwa na cha kulinganishia baadaye. Huenda ukagundua kwamba sahihi hukosekana kwa kuwa nafasi yake imefichwa nyuma ya ukurasa. Hapo dawa ni kuchapisha fomu mpya, na fedha za mafunzo zitasalimika.

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alieleza hatua nne za kutathmini mafunzo: wafunzwa wameyapokeaje, wamejifunza nini, utendaji wao umebadilikaje, na taasisi imenufaika vipi. Dodoso la kuridhika huishia hatua ya kwanza, na jaribio la mwisho wa somo huishia ya pili. Ya tatu ndiyo inayostahili nguvu zako nyingi, ingawa ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa kuwa haifanywi na kompyuta. Mwezi mmoja baada ya somo, msimamizi achukue fomu kumi za kila karani, azipitie pamoja naye, na aandike ni makosa yapi yamekoma na yapi yanajirudia.

Usisubiri mwezi huo uishe kimya. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea ndani ya siku ya kwanza. Kwa hiyo gawa somo la saa mbili katika vipande vifupi, na baada ya siku chache umtumie karani fomu iliyojazwa vibaya alitafute kosa mwenyewe, bila kumwekea majibu ya kuchagua.

Muda wa kusoma utengwe ndani ya saa za kazi, na bando lilipwe na mwajiri. Kumtaka mtu asome usiku kwa bando lake ni kumkata mshahara kwa mlango wa nyuma.

Stadi za mikono zibaki mikononi. Shirika la afya la Amref lilipoanza mwaka 2005 kuwaendeleza wauguzi wa Kenya kufikia stashahada kwa njia ya mtandao, mazoezi ya wodini chini ya usimamizi hayakuondolewa.

Miezi mitatu ikitimia, hesabu upya fomu zilizorudishwa. Zikiwa hazijapungua na alama za majaribio ni za chini, lirekebishe somo. Alama zikiwa za juu, acha somo lilivyo, ukachunguze wingi wa kazi mezani na haraka ambayo msimamizi anaidai.