Kuwapeleka wastaafu wenzako Kyaka kwa pikipiki, kwenda na kurudi siku moja

Mstaafu mwenzangu aliniomba nimwelekeze namna ya kuwapeleka wazee wa vita vya Kagera (Tanzania na Uganda, 1978–79) wakaone tena daraja la Kyaka kwenye mto Kagera. Kutoka Bukoba ni kama kilomita 50, lami, na wengi wetu tumeshavuka miaka 65. Nifanyavyo mimi ni hivi.

Hatua ya 1: Watu. Wasizidi 8.

Hatua ya 2: Pikipiki. Kila mzee aje na aliyoizoea, asiazime asubuhi ile. Helmeti kwa kila mtu. Beba tyubu mpya na pampu. Viraka mimi sivitaki, maana gundi ikigoma mko juani saa nzima.

Hatua ya 3: Mpangilio. Vyeo viachwe nyumbani. Anayekwenda polepole kuliko wote akae nyuma ya kiongozi, ili mwendo uwe wake. Fundi awe mkia, yaani wa mwisho kabisa, na vifaa abebe yeye. Kati ya pikipiki na pikipiki acha nafasi ya kuhesabu "kushoto-kulia, kushoto-kulia" kwa mwendo wa gwaride. Honi msiitegemee: waliokuwa kwenye mizinga masikio yao yamechoka. Tumieni mikono na taa.

Hatua ya 4: Njia panda. Hapa soma taratibu.

Kabla hujafika darajani Kyaka, barabara ya Karagwe inachepuka kushoto. Kiongozi akikaribia, amwoneshe kwa mkono anayemfuata mahali pa kusimama. Huyo ndiye mlinzi wa njia panda: anawaelekeza wote na haondoki mpaka amwone mkia kwa macho yake. Asihesabu pikipiki! Safari yetu ya kwanza mlinzi alihesabu, bodaboda wawili wa pale wakapita katikati ya msafara, hesabu ikatimia, naye akaondoka. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma, pamoja na mkia, wakashika njia ya Karagwe. Simu zilikuwa mifukoni, hakuna aliyesikia. Tuliwapata saa 8 mchana, mmoja dawa zake za presha ziko kwenye begi la mwenzake huku kwetu. Siku ile niliogopa kweli.

Tangu hapo mkia anavaa kizibao cha rangi ya chungwa, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukivaa. Mlinzi asimame panaponyooka, asisimame kwenye kona. Mkia akichelewa dakika 20, mlinzi abaki palepale na kiongozi ndiye arudi. Wawili wakianza kutafutana, mtapotezana. Na kila mzee abebe dawa zake mwilini.

Watu huniambia tutumie ramani ya simu. Mimi mtu aliyesimama barabarani namwamini zaidi.

Hatua ya 5: Kyaka. Anzeni na magofu ya kanisa lililopigwa wakati wa vita, ndipo mteremke darajani. Daraja la zamani lililipuliwa na majeshi ya Idi Amin wa Uganda Novemba 1978, na kuna wazee watakaotaka kusimama kimya wakiutazama mto. Usiwaharakishe, wala usiwapige picha bila kuwaomba. Tengeni saa nzima. Chakula kifuate baadaye.

Hatua ya 6: Kurudi. Ondokeni saa 9 alasiri, mpangilio uleule, mlinzi yuleyule wa njia panda. Mkifika Bukoba, asiingie mtu kwake mpaka kizibao cha chungwa kimeonekana.